Jino la Mgeni

Watu humwita Mama Meno, na wageni mtaani wakisikia jina hilo humpelekea watoto wenye mashavu yaliyovimba. Amekwisha kuwafukuza wengi. Meno anayoyajua yeye ni ya chuma. Ni mkereza vyuma, na kazi yake hasa ni kuchonga gia, yale maduara yenye meno yanayosukumana ndani ya mashine. Kinu cha kusaga kikivunjika, pampu ya maji ikikwama, kiwanda cha matofali kikisimama, anayefuatwa ni yeye. Alikuwa mke wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na kwa miaka thelathini tumetaniana mpaka wasiotujua hudhani tunagombana. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nilipostaafu nikapata kibarua cha kuwaelezea watoto mambo ya anga katika jumba la sayansi la mji. Shemeji husema nimelipwa maisha yangu yote kwa kuongea, na kwamba wenye bahati kama hiyo wangepaswa kuwa wanyenyekevu zaidi.

Nataka ieleweke kwanza kwamba huyu mwanamke si mwoga. Nimemwona kwa macho yangu akichomoa kipande cha chuma kwenye kidole chake mwenyewe kwa koleo, damu inadondoka, huku ananiuliza kama nitakula pale au nina haraka. Nyoka aliingia karakana yake mwaka fulani. Wanaume wanne walipanda juu ya meza, yeye akamtoa na ufagio. Ndiyo maana siku aliponiambia anaogopa, nilicheka. Nilicheka sana, na kicheko hicho bado kinaniuma.

Mashine aliyoiogopa ilikuwa wazo langu. Jumba letu lina ukumbi mmoja mkubwa wenye dari iliyo juu sana, na mkurugenzi, mama mmoja mpole anayependa kila kitu kiwe na karatasi yake, alinipa ruhusa ya kutundika sayari humo. Katikati kuna taa kubwa, ndiyo jua. Nguzo ya chuma inaning'inia kutoka kwenye paa, na kwenye nguzo hiyo imeshikizwa mikono sita ya bomba, kila mkono na tufe lake mwishoni: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Juu kabisa kuna mota na sanduku la gia. Matufe manne ya ndani ni karatasi na gundi, hayana uzito wowote. Lakini Mshtarii na Zohali nilitaka yang'ae, kwa hiyo yakatengenezwa kwa bati nene, na kila moja lilikaribia uzito wa mfuko wa saruji. Hakukuwa na kitu upande wa pili cha kuyasawazisha. Shemeji aliuliza kwa nini, nikamjibu kwamba angani hakuna vyuma vya kusawazisha. Nilijiona nimesema jambo la maana.

Mama Meno ana sheria moja ya kazi, aliyofundishwa ujanani na fundi mkuu mkali ambaye alikuwa akipima kwa kucha. Gia ya meno ishirini ikizungusha gia ya meno arobaini, kila jino la ile ndogo litakutana na meno mawili yale yale ya ile kubwa, maisha yake yote. Likiwa na kasoro, litayala hayo hayo mpaka yaishe. Ongeza jino moja, yawe arobaini na moja, basi kila jino litawapitia wenzake wote kwa zamu, kasoro itagawanywa, na hakuna atakayeonewa. Hilo moja la kuongeza yeye huliita jino la mgeni. Mpaka nilipokuja mimi, hakuwahi kutoa gia karakana kwake bila kuhakikisha mgeni yupo. Wateja humwambia hesabu haikai sawa, naye huwajibu kwamba ndivyo alivyokusudia.

Sasa angani, Mshtarii huzunguka jua karibu mara mbili na nusu wakati Zohali inazunguka mara moja. Mama Meno alinichorea gia za meno ishirini na matano kwa sitini na mawili, hesabu inayoikaribia kabisa ile ya mbinguni, na tena haigawanyiki. Mimi nikaja na ujanja wangu. Nilitaka hayo sitini na mawili yawe hamsini.

"Hamsini inagawanyika, shemeji," alisema.

"Ndiyo maana naitaka. Mbili kwa moja. Yakutane kila mara pale pale, juu ya mabenchi ya mbele, na mimi niwe nimefika kwenye maneno yangu."

"Kukutana pale pale kila mara si jambo zuri."

"Ni vibati vya kufurahisha watoto, mama. Si kinu cha kusaga."

Nadhani aliona nilivyokuwa na furaha, maana tangu kaka afariki sikuwa nimefurahia kitu. Akachukua penseli, akafuta, akaandika hamsini. Ndiyo mara pekee katika kazi yake yote ambapo mgeni aliachwa mlangoni, na aliachwa kwa ajili yangu.

Acha nieleze maneno yangu yalikuwa yapi, maana bila hayo hutaelewa ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi gani. Watoto wakishakaa, mimi huanza na vumbi. Zamani, nawaambia, hapakuwa na sayari hata moja. Palikuwa na wingu la gesi na vumbi, likajikunja kwa uzito wake, likaanza kuzunguka, likawa bapa kama sahani. Katikati jua likawaka. Vumbi lililobaki likaanza kushikana, kama lile linalojikusanya chini ya kitanda. Likawa kokoto, kokoto zikawa mawe, mawe yakawa milima inayoruka, na milima ikagongana kwa mamilioni ya miaka. Mingine ikavunjika, mingine ikaungana ikawa sayari. Hata Mwezi wetu, wataalamu wengi wanaamini, ni vifusi vya siku Dunia changa ilipogongwa na jirani.

"Kwa hiyo dunia ni uchafu wa chini ya kitanda," Mama Meno alisema siku ya kwanza aliponisikia, "na wewe ulikuwa unanisema sifagii."

Halafu hufika sehemu niliyoipenda kuliko zote. Sayari zikishazaliwa hazitulii, nawaambia watoto. Zinavutana, kidogo kidogo, na njia zao zinasogea. Kuna wataalamu wanaosema kwamba Mshtarii na Zohali, zilipokuwa changa, zilisogea mpaka zikaingia kwenye hatua moja: hii mizunguko miwili kamili, ile mmoja. Zikawa zinakutana pale pale na kuvutana upande ule ule, kila mara bila kukosa. Mvutano ambao ungekuwa si kitu ukaanza kujilimbikiza, njia zikarefuka mithili ya yai, na majirani wakatupwa huku na huko. Huenda sayari moja nzima ilifukuzwa na haikurudi tena. Hapo nanyoosha kidole juu, na kweli, Mshtarii na Zohali yanapita pamoja juu ya vichwa vya watoto wa mbele, nao wanasema "Aaah!"

Niliyasema hayo mara nne kwa siku, kwa miezi minane. Na juu ya kidole changu, meno hamsini yalikuwa yanaifanyia nguzo yetu jambo lile lile nililokuwa naeleza. Sikuona. Mwalimu mzima, shahada ukutani, sikuona.

Aliyesikia ni yeye. Kila baada ya miezi miwili alikuja kutia grisi, na Jumatatu moja asubuhi, kabla watoto hawajafika, alipanda ngazi huku mashine inazunguka. Ana tabia ya kusikiliza vyuma kwa bisibisi: ncha anaiweka kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, halafu anafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu sana. Nilimwuliza kama amelala. Zohali lilimaliza mzunguko, kama dakika nne hivi, likaanza mwingine, likaumaliza, na yeye bado yuko juu ya ngazi na macho yamefumbwa. Aliposhuka uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Kuna kitu kinasema tk," alisema. "Mara moja kwa kila mzunguko. Yale mawili yakikutana tu."

"Mashine isiyosema kitu ni ile iliyozimwa."

"Shemeji, naogopa."

Ndipo nilipocheka. Nilimwambia uzee umemwingia masikioni. Nilimkumbusha yule nyoka. Hakutabasamu, na hilo lilinitia wasiwasi kidogo, lakini nikajitia hamnazo. Tena nitasema ukweli wote, maana nimeamua kuusema: mimi nilikuwa nimeisikia hiyo tk wiki mbili kabla yake. Nilijiambia ni paa linanyooka kwa joto la mchana. Nilitaka sana iwe paa.

Tulikwenda pamoja kwa mkurugenzi. Mama Meno alimweleza kwamba ni lazima mashine izimwe, ijengwe jukwaa la mabomba na sanduku lifunguliwe, kazi ya siku mbili. Mkurugenzi alisikiliza vizuri, kama kawaida yake, kisha akatoa faili.

"Mkaguzi alitia sahihi hapa. Cheti bado hakijaisha muda. Wiki hii nina shule kumi na moja. Ngoja Jumamosi, mama, tutafungua."

"Cheti hakina masikio," alisema Mama Meno.

"Na wewe mwalimu, unaonaje?"

Wote wawili walinigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Nikasema nadhani Jumamosi si mbali.

Jumatano mchana aliniita karakana. Nilifikiri ananiita kunigombeza, nikajiandaa kwa maneno. Alikuwa amechora duara kubwa sakafuni kwa chaki, na kuzunguka duara lote ameweka alama fupi fupi.

"Hizi ni gia nilizotaka mimi," alisema. "Ishirini na tano kwa sitini na mbili. Yale matufe yangekutana hapa, halafu hapa, halafu kule. Nimehesabu. Mahali thelathini na saba tofauti kabla ya kurudi pa kwanza. Uzito wote ukilala upande mmoja, safari ijayo unalala upande mwingine. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba nguzo, inalika sawasawa, boliti zinapumzika kwa zamu." Kisha akainama penye alama moja. "Hii ndiyo hamsini yako. Hapa. Na tena hapa. Na tena hapa." Aliigonga ile chaki pale pale mpaka ikavunjika. "Umewasha mashine mara ngapi kwa siku? Fanya hesabu wewe uliyesoma."

Nikaifanya: hotuba nne kwa siku, kila moja mizunguko saba, miezi minane. Ilikuwa inakaribia mara elfu tano. Mara elfu tano nguzo ile ilikuwa imevutwa upande mmoja, na upande huo ulikuwa juu ya mabenchi ya mbele ambako huketishwa watoto wadogo ili waone vizuri. Nilitazama lile duara na nikaitambua hotuba yangu mwenyewe, imelala sakafuni kwa chaki. Nilishika ukingo wa mashine ya kukereza.

"Kesho ni zamu ya chekechea ya mjukuu wetu," alisema.

Mjukuu huyo ni binti wa mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka mitano mwenye maswali kama wakili mahakamani. Wiki nzima alikuwa anatangaza kwamba atakaa mbele.

"Basi asiende," nilisema haraka.

"Na wale wengine thelathini na tisa?"

Nilimwambia nitakataa kuwasha. Akaniuliza nani atawasha nikikataa, nikakumbuka kwamba swichi iko ukutani, wala haihitaji shahada, na mwenzangu anayekata tiketi huibonyeza kila ninapokwenda kunywa chai. Nilimpigia mkurugenzi simu mara tatu. Mara ya tatu alipokea, akaniambia kwa upole kwamba tayari nilikuwa nimetoa maoni yangu Jumatatu.

Alhamisi nilifika mapema kuliko siku zote. Mama Meno alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameketi benchi la mbele, katikati kabisa, amevaa ovaroli lake safi, mikono juu ya mapaja. Saa tatu kasoro robo tulisikia basi, kisha sauti za watoto nje ya mlango, kelele ile ya kuku wanaosubiri mtama. Mkurugenzi aliingia na tabasamu lake, akamwona, na tabasamu likapungua.

"Mama, tafadhali. Watoto wanasubiri."

"Waache wasubiri. Waambie wanywe maji. Wewe njoo ukae hapa."

"Sielewi."

"Si unaamini cheti? Kaa hapa na mimi. Shemeji atawasha. Yale matufe yapite juu yetu mara tatu. Yakipita mara tatu na wewe bado umekaa, nitaondoka mwenyewe, na watoto utawaingiza."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mkurugenzi aliangalia saa. Aliniangalia mimi. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwenye heshima yake na hakutaka kuonekana mwoga mbele ya fundi, akaketi, akaweka faili miguuni.

Niliwasha. Sijui nilivyotembea kutoka kwenye swichi mpaka kwenye benchi. Najua tu kwamba niliwaza: hamsini ni yangu, siwezi kusimama ukutani. Nikakaa upande wa pili wa shemeji. Taa ya jua iliwaka, mikono ikaanza kuzunguka taratibu, na kivuli cha Mshtarii kikapita juu ya magoti yetu.

Yalipokutana mara ya kwanza tulisikia wote. Tk. Mkurugenzi alisafisha koo.

Dakika nne ni nyingi ukikaa chini ya kitu. Nilijaribu kuomba, nikajikuta nahesabu. Nyuma ya mlango mtoto mmoja alianza wimbo na wengine wakamfuata. Mshtarii lilikwenda likarudi, likatupita peke yake, likaenda tena. Zohali lilikuwa linakuja na bangili zake za alumini, zinang'aa kama nilivyotaka. Yalipokutana juu yetu nguzo ilitoa sauti, si tk tena, ilikuwa kama mtu anayevuta kiti kwenye sakafu ya saruji. Kitu kidogo kikaanguka kwenye sketi nyeusi ya mkurugenzi. Kisha kingine. Alikipangusa, akatazama vidole vyake, akavisugua. Ulikuwa unga wa chuma, mng'avu, wa siku ile ile.

"Hiyo ni nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini.

"Ni beringi," alisema Mama Meno. "Ilikuwa beringi."

Hakuna aliyeondoka. Mpaka leo sielewi kwa nini hatukuondoka pale pale. Nadhani kila mmoja alimwonea aibu mwenzake. Zohali lilifika upande wa mbali wa ukumbi, likaanza kurudi, na nikaona, au nilidhani naona, kwamba linaning'inia chini kidogo kuliko jana. Robo tatu ya mzunguko, kisha karibu wote. Mkurugenzi alisimama ghafla, faili likamwagika.

"Zima! Mwalimu, zima!"

Nilikimbia. Mimi mwenye goti bovu nilikimbia, nikaipiga swichi kwa kiganja kizima. Lakini vyuma vizito havitii swichi papo hapo. Mikono iliendelea kwenda kwa nguvu iliyobaki, polepole, polepole zaidi, yale mawili yanakaribiana kuelekea pale pale. Nikageuka nikamwona mkurugenzi ameshafika mlangoni, na Mama Meno bado yuko kwenye benchi.

"Shemeji, toka hapo!"

"Miguu imekataa," alisema.

Nilirudi. Sijawahi kuogopa vile na sitaki kuogopa vile tena. Nilimshika chini ya makwapa nikamburuta kwa nyuma, visigino vyake vinakwaruza sakafu, macho yake yako juu hayapepesi. Matufe yakasimama. Yalisimama kabla hayajakutana, yameachana kama urefu wa mkono wa mtu, yakawa yanabembea. Nje watoto walikuwa wamefika ubeti wa pili.

Ijumaa jukwaa lilijengwa, na Mama Meno akapanda kufungua sanduku. Lilikuwa limeshikwa kwenye paa kwa boliti nne, kila moja nene kama kidole gumba. Tatu zilikuwa zimekatika shingoni, mbili za upande wa mabenchi na moja ya upande wa pili, na mkato mmoja ulikuwa na kutu, maana yake ulikuwa wa zamani. Ya nne aliishika kwa vidole viwili, bila spana, akaizungusha, ikatoka. Alishuka nayo, akaniwekea mkononi. Kisha akakaa sakafuni na kulia kwa sauti. Hata kwenye msiba wa kaka sikumwona akilia hivyo.

Alichonga gia mpya ya meno sitini na mawili. Aliweka boliti nane badala ya nne, na vyuma vya kusawazisha, na waya nene ya usalama kwenye kila mkono, na mimi sikufungua mdomo kuhusu sura ya mashine. Mashine ilipowashwa tena alikaa juu ya ngazi na bisibisi yake mpaka yale matufe yakakutana mara thelathini na saba, mahali thelathini na saba tofauti. Ilimchukua karibu saa moja na dakika arobaini. Hakusikia chochote. Mkaguzi mpya alikuja, akakagua, akatia sahihi. Kwa kadiri mtu anavyoweza kujua kitu, tulijua kwamba ni salama.

Lakini hofu ikishaingia haisomi vyeti. Siku moja nilimkuta karakana, mashine zimezimwa, chai imepoa mbele yake.

"Zile za juu," aliniuliza, "zina jino la mgeni?"

Nilifurahi kuulizwa, nikamwambia ndiyo. Mshtarii na Zohali halisi zinakaribia tano kwa mbili lakini hazifiki, kwa hiyo mahali pa kukutana panahama, mvutano unagawanyika. Alishusha pumzi. Ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kulipwa kwa kuongea.

"Ila Utaridi," nilisema, "kidogo ni tatizo."

Nikamweleza kwamba wataalamu wameuzungusha mfumo wote wa sayari kwenye kompyuta, mara maelfu, kwenda mbele mabilioni ya miaka. Mara nyingi mambo yanakwenda salama. Lakini kama mara moja kwa kila mia, mvutano wa Mshtarii unaikuta Utaridi katika mwendo mbaya, njia yake inarefuka na kurefuka, mpaka inaweza kugongana na Zuhura. Na mara chache zaidi ya hapo, vurugu hiyo inatufikia sisi.

"Moja kwa mia."

"Baada ya mabilioni ya miaka, shemeji. Mimi na wewe tutakuwa vumbi la chini ya kitanda."

Hakucheka. Aliuliza nani anaisikiliza. Nikamwambia kuna darubini, kuna watu wanapima. Akatikisa kichwa, alijua mwenyewe tofauti ya kupima na kusimamisha. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za anga.

Chekechea ilirudi baada ya wiki mbili, wote arobaini. Nilikuwa nimepanga kuwaketisha mabenchi ya nyuma, ingawa hapakuwa na sababu yoyote tena, lakini mjukuu alikuja moja kwa moja mbele, katikati, akajitupa pale. Akageuka akamwona bibi yake amesimama mlangoni na ovaroli.

"Bibi, njoo! Huku kunaonekana vizuri!"

Mama Meno hakusogea. Aliniangalia, na mimi nikatikisa kichwa kumwambia kwamba hakuna lazima. Akaja. Alitembea kama anavuka mto, akaketi, mtoto akamwegemea. Nikawasha. Nikaanza na vumbi.

Nilipofika kwenye milima inayogongana, Mshtarii lilipita juu yao, na niliona Mama Meno ameinua mkono wake wa kulia, ameutandaza juu ya kichwa cha mjukuu, kiganja kimeelekea darini. Mtoto hakujua; alikuwa anatazama juu, mdomo wazi. Zohali likaja, likapita, mkono haukushuka. Kiganja kile kimoja, chenye makovu ya moto na cheche, chini ya bati zito kama mfuko wa saruji. Anayejua uzito wa lile tufe kuliko sote mle ndani ni yeye. Dakika kumi, kumi na tano, mkono ukaanza kutetemeka kwa uchovu, akaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto na kuendelea kuuinua.

Nilikuwa nimefika pale ambapo sasa ningewaambia kuhusu ile moja kwa mia ya Utaridi. Watoto walikuwa wananitazama wote, wanasubiri. Nikawaambia kwamba hapo ndipo hadithi ya sayari inapoishia, na kwamba kuna juisi nje. Mkono wake ulikuwa bado uko juu mpaka mtoto wa mwisho akatoka.